Bolti Nne

Siku ile mjinga alikuwa Mose. Hilo halina haja ya kuzungushwa. Ukimuuliza atakuambia mwenyewe kabla hujamaliza swali, na atakuambia akitabasamu, kwa sababu uso wake ulizoea mzaha tangu utotoni na haujui namna nyingine ya kukaa. Ila tabasamu la siku hizi lina kasoro. Upande mmoja linawaka vizuri, upande wa pili linachelewa, kama taa za gari lililogongwa likanyooshwa kienyeji.

Ili uuelewe ujinga wake, uelewe kwanza ugonjwa wa nyumba yao. Kule milimani Nyamira wengine hurithishana majani chai, wengine kwaya, wengine kesi za mpaka. Nyumba ya mzee Ogari ilirithishana injini ya silinda sita. Mzee alikuwa fundi wa malori katika kiwanda cha chai kwa miaka thelathini na mmoja, na huko ndiko alikokata shauri kwamba Mungu alipowapa watu akili ya kutengeneza injini, alikusudia silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Hizo za silinda nne zilitokana na watu kukosa subira. Nne inakohoa, alikuwa akisema, sita inaimba. Wenzake walipostaafu walijenga nyumba za kupangisha mjini. Yeye alinunua Cresta kuukuu ya rangi ya maziwa, akaiingiza katika banda la ng'ombe, na ng'ombe akatafutiwa pa kwenda.

Kila baada ya miezi miwili hivi, siku ya Jumapili, magari yalikusanyika katika uwanja mdogo wa ndege nje ya Kisii, uwanja ambao ndege zenyewe hazina haraka ya kuutembelea, yakakimbizana mawili mawili. Mita mia nne, mbele moja kwa moja, hakuna kona. Sekunde kumi na tatu, kumi na nne, basi. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu umekosa kila kitu. Na ilikuwa bahati kwamba ilikuwa Jumapili, maana watu wa nyumba hiyo ni Wasabato wa kweli. Ijumaa jua likianza kushuka, mzee Ogari alizitundika spana ukutani bandani, kila moja ndani ya umbo lake alilolichora kwa chaki, na hapakuwa na mkono wa kuzigusa mpaka jua la Jumamosi lizame. Hata kama injini imebaki wazi, itabaki wazi. Mashindano ni kesho kutwa, yatajijua.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Mzee alikuwa injini. Nyangau, mwana wa pili, mwembamba kama bua la mahindi, alikuwa usukani. Lavender, kitinda mimba, aliyekuwa akisomea uhasibu mjini Kisii, alipima muda na kugombana na waamuzi. Mose, mwana wa kwanza, mwenye gereji yake Nyakoe, alikuwa mdomo, na kando ya mdomo alikuwa mtu wa uzito: kila kilichoweza kung'olewa ili gari liwe jepesi, yeye ndiye aliyekifuata na spana.

Na mama yao, Persis, alikuwa sikio. Hakuwahi kushika usukani, na hakujua nati inafunguliwa kwa upande gani. Lakini mzee alipoiwasha Cresta asubuhi, akaegemea boneti, akafumba macho na kutikisa kichwa kwa kuridhika, sauti ya mkewe ilipanda kutoka kwenye majani chai, kikapu kikiwa mgongoni: “Moja imelala.” Mzee atabisha. Mose atatoa plagi moja moja, na kweli, ya nne au ya tano itatoka nyeusi, imelowa. Hakukosea hata siku moja. Kanisani nako alikuwa hivyo hivyo. Mwalimu wa kwaya alimwogopa kuliko alivyomwogopa mchungaji.

Kiti cha nyuma kilikuwa chake. Walikwenda mashindanoni naye amekaa katikati, hotipoti ya chapati mapajani, akiwaambia wasikimbie, wana haraka ya nini. Wakifika anashuka, Nyangau anakwenda kukimbia kwa kasi ya kutisha, anarudi, naye anapanda tena na kuwaambia wasikimbie.

Mwaka huo Mose alikuwa amekwisha kuling'oa gari nusu yake. Gurudumu la akiba lilikwenda kwanza, na jeki yake. Ikafuata redio, zulia, kiti cha abiria wa mbele. Kila kilichotoka kilipunguza muda kwa kiasi ambacho Lavender peke yake aliweza kukiona kwenye simu. Kisha mwezi wa nane wakashindwa, tena na silinda nne. Aliyewashinda alikuwa Opondo, mwenye duka la vipuri karibu na Daraja Mbili, mtu wa upande wa ziwani, mchokozi wa kiwango cha Mose mwenyewe, aliyekuwa na Subaru yenye turbo. Aliwapita kwa nusu ya urefu wa gari. Hilo lingesameheka. Lakini siku ya pili alimtumia mzee Ogari salamu: kama hizo silinda mbili za ziada zinamsumbua, alete dukani azinunue.

Mzee hakula vizuri wiki nzima. Mose akaapa kwamba kiti cha nyuma nacho kitatoka.

Alikitoa Ijumaa, siku mbili kabla ya mashindano. Bolti nne: mbili za kukalia, mbili za mgongo. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, hakutosheka kukitoa; alikibeba kichwani mpaka kituo cha kupimia majani chai, akapanga foleni pamoja na akina mama wenye vikapu, na zamu yake ilipofika akakitundika kwenye ndoano ya mizani. Momanyi, karani wa kituo, aliuliza jani hili ni la aina gani na kama limechumwa majani mawili na kichomozo. Mizani ikasema kilo kumi na tisa. Nyuma yake alikuwa mama yake, na kikapu chake kilipotundikwa kikasema kumi na saba, Momanyi akamwonya kwamba mwanawe sasa anachuma kumzidi.

Foleni nzima ilicheka, na Mose akiona watu wanacheka hawezi kujizuia. “Mama,” akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “mzigo wa gari letu si kiti. Ni anayekikalia.”

Mama Persis alicheka mpaka akashika nguzo ya kituo. “Niacheni, basi,” akasema. “Lakini na chapati zinabaki na mimi.”

Maneno yale Mose amejaribu kuyameza tena mara nyingi. Hayapiti.

Alirudi nyumbani akakiweka kiti barazani, akakipangusa, akamwambia mama kwamba kuanzia leo ana kochi la kifahari. Bolti mbili akazitia katika mkebe. Nyingine mbili akazitumia kuibana betri, ambayo alikuwa ameihamishia nyuma kwenye buti ili matairi ya nyuma yashike lami. Alikuwa akitafuta kitu cha kubania kile kiti cha dereva vizuri zaidi aliposikia baba yake akisema neno moja tu mlangoni: “Spana.” Jua lilikuwa kwenye ncha za mikaratusi. Zikatundikwa.

Jumamosi walikwenda kanisani kwa miguu kama kawaida, wakarudi saa saba kasoro, wakala chakula kilichopikwa jana yake. Mama alikalia lile kochi lake barazani, sahani mapajani, miguu ameinyoosha. Alisema kumbe kiti hiki ni kizuri namna hii kikisimama. Nyangau akacheka. Kisha sahani ikateleza, maharagwe yakamwagika kwenye nguo yake ya kanisani, naye hakuyatazama. Alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Alisema kuna mtu ameweka jiwe kifuani. Alisema hivyo kwa upole, kama anayeomba liondolewe.

Lavender aliona jasho la usoni na rangi ya midomo, akasema hospitali, sasa hivi. Nyangau, kwa mazoea tu ya mtu wa mashindano, alitazama simu. Saa saba na dakika kumi na nne.

Jirani mwenye pikapu alikuwa amewapeleka watu kwenye makambi ya kanisa. Pikipiki haikuwezekana, mgonjwa hakuweza kukaa wima. Lakini bandani palikuwa na gari lenye kasi kuliko mengi katika kaunti mbili. Lilikuwa na mafuta. Betri ilijaa. Lilikuwa na kiti kimoja, cha dereva.

Hapa ndipo ujinga unapoingia, na ulikuwa ujinga wa watu wenye ujuzi. Mtu asiyejua gari angeona sakafu tupu, pana kama kitanda. Angetupa godoro, angemlaza mgonjwa, angeondoka. Lakini pale palikuwa na mafundi, na fundi akiona gari halina kiti haoni nafasi. Anaona kazi haijaisha.

Kwa hiyo walimtoa mama kwenye kiti. Walitandika leso kwenye nyasi wakamlaza juu yake, kisha wakakibeba kile kiti kilichokuwa bado na joto lake, wakakimbia nacho bandani, ili wakifunge, ili wamrudishe pale pale walipomtoa.

Mzee Ogari alikwenda ukutani akachukua spana namba kumi na nne. Hakusita. Miaka arobaini alikuwa hajagusa chuma siku ya Sabato, na aliichukua kama mtu anayechukua kofia yake. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na kutoka kwenye nyasi mkewe alimwona.

“Ogari,” akamwita. “Leo ni Sabato.”

Alikuwa amekwisha kuingia ndani ya gari kwa magoti.

Bolti mbili za kwanza, zile za mkebeni, ziliingia haraka. Nyangau aliwasha injini. Kiti kilikaa. Mzee akatoa kichwa nje, akamtazama mwanawe wa kwanza, na katika mtazamo ule palikuwa na swali. Hilo Mose anakumbuka vizuri kuliko anavyokumbuka siku ya harusi yake. Naye akalijibu.

“Nne, Tata,” akasema. “Zote nne. Pale kwenye kona za mteremko kitamrusha.”

Injini ikazimwa. Mose akafungua buti, akazing'oa zile bolti mbili kwenye betri, akaifunga betri kwa mpira wa tairi. Bolti ya tatu ikaingia. Ya nne ikaingia pembe, ikagoma katikati, ikabidi itolewe, ipanguswe, irudishwe. Lavender alikuwa amepiga magoti nyasini, kichwa cha mama mapajani, akiwaambia waende, waende tu, wanafanya nini huko ndani. Mose alimjibu kwamba wanamalizia. Mzee alikaza ile ya nne mpaka mwisho, na akaijaribu tena kwa uzito wa bega lake, kama alivyowafundisha wanawe wote.

Nyangau alipotoa gari bandani ilikuwa saa saba na dakika thelathini na saba.

Walimlaza. Lavender aliingia akashika kichwa, Mose akachuchumaa sakafuni pale palipokuwa na kiti cha mbele. Palikuwa na nafasi ya mzee pia, miguuni. Lakini alifunga mlango kutoka nje. “Endeni,” akasema. “Nina kilo themanini na tatu. Nitawachelewesha.” Wakamwacha getini, amesimama na suruali yake ya kanisani yenye mafuta ya magoti, spana mkononi.

Nyangau hakuwahi kuendesha vile, na tangu hapo hajaendesha tena vile. Kutoka getini mpaka hospitali ya mjini Nyamira ni kilomita kumi na moja za kupanda na kushuka, na alizimaliza kwa dakika tisa. Kiti hakikusogea hata unene wa kucha. Kwenye mteremko wa pili, injini ikiwa imefunguka yote na wenye maduka wakitoka kutazama, mama alifungua macho. Mose aliinama, akidhani anataka maji.

“Leo zote ziko macho,” akasema.

Hakusema kingine. Wauguzi walimpokea mbio mbio, walifanya kila walichoweza, na kabla ya saa tisa alikuwa amekwenda.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kuchoka. Mose alimfuata kwenye korido, akamweleza habari za kiti, kwa kirefu, mpaka ukubwa wa bolti, kisha akamwuliza kama zile dakika ishirini na tatu zingebadilisha kitu. Daktari alifikiri. Wengine wangemwambia hapana ili alale. “Sijui,” akasema. “Ningekuwa najua ningekuambia.” Mose amebeba neno hilo tangu wakati ule. Angeambiwa ndiyo angelia. Angeambiwa hapana angelia pia, lakini angefuta machozi siku moja. Sijui haina mahali pa kushika.

Walipofika nyumbani, mzee alikuwa bado yuko getini. Alijua kwa namna gari lilivyoingia, polepole, kama mama alivyokuwa akitaka siku zote. Mose alimweleza, akamweleza na yale maneno ya mteremkoni. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja.

“Na kiti, hakikutikisika?”

“Hakikutikisika, Tata.”

Mzee akatikisa kichwa, akaingia ndani. Mose alibaki getini na swali lile, akaligeuza huku na huku, na kila alipoligeuza lilikuwa na ncha iliyomwelekea yeye.

Walimzika Alhamisi, upande wa chini wa boma, mahali ambapo majani chai yanaanzia. Opondo alikuja na Subaru yake. Alipofika barabarani aliizima, na yeye na vijana wake wa dukani wakaisukuma kupanda mpaka nyumbani, ili mlio wake usiingie matangani. Alifika amelowa jasho, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchokoza. Mose naye hakuwa nalo. Watu waliwaona wawili hao wamekaa kwenye viti vya plastiki bila kusema, wakajua mambo yameharibika kweli.

Miezi minne ikapita. Cresta ilikaa bandani, kiti chake ndani, bolti zake nne. Lavender akija kutoka chuoni alikuwa akiingia na kukalia kile kiti na vitabu vyake, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ukutani spana zote zilikuwa mahali pake isipokuwa moja. Umbo la chaki la namba kumi na nne lilikuwa tupu. Hakuna aliyeuliza hilo nalo.

Kila Ijumaa Mose alifunga gereji mapema akapanda nyumbani. Alipasua kuni, alirekebisha bomba la tangi, alichuma majani chai vibaya. Alikuwa akingoja. Alitaka baba yake amwambie mara moja tu, kwa mdomo: wewe ndiye uliyemchelewesha mama yako. Alikuwa amejiandaa. Angepiga magoti, angelia mbele ya mtu, na pengine baada ya hapo angeweza kulala. Lakini mzee alimwambia tu kwamba chai iko kwenye chupa, na kwamba mvua mwaka huu imechelewa.

Siku moja mzee wa kanisa, Mogire, alikuja kumfariji mzee Ogari. Alizungumza kwa upole kuhusu siku ile, akasema kuokoa uhai siku ya Sabato hakuwezi kuhesabiwa dhambi, na kwamba kanisa zima linajua moyo wake. Mose alikuwa mlangoni na vikombe.

“Si Sabato inayonisumbua, Mogire,” baba yake akasema.

Mose aliweka vikombe mezani, akamimina chai, akasema mzaha kuhusu sukari. Alipotoka nje alikwenda mpaka nyuma ya banda, akasimama hapo na paji la uso kwenye mabati. Alikuwa amesikia alichotaka kusikia. Kilichobaki ni kuambiwa usoni.

Basi ikafika Jumapili moja ya mwezi wa pili. Opondo alikuwa amepiga simu. Mashindano yanarudi, akasema, na hataki kukimbia na mtu mwingine kabla hajakimbia na Cresta mara moja kwa ajili ya mama. Akishinda hatacheka, akishindwa atajivunia. Nyangau alikuwa amekubali kabla simu haijakatwa. Mose alipoingia bandani alimkuta ndugu yake ameinamia ndani ya gari, mlango wa nyuma wazi, akipapasa chini ya kiti.

“Namba kumi na nne iko wapi?” Nyangau akauliza bila kugeuka.

Mose alimwuliza anaitakia nini, ingawa alijua.

Nyangau alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amejipanga. Kiti ni kilo kumi na tisa. Opondo hatawaonea huruma njiani, na mama asingependa waonewe huruma. Watakwenda, watakimbia mara moja, watashinda, watarudi, kiti kitarudishwa. Mama aliipenda injini hii kuliko wao wote. Kuiacha ioze bandani, hilo ndilo kumzika mara ya pili.

Mose akasema kiti hakitoki. Akasema gari lenyewe liuzwe, lisukumwe mtoni, apewe Opondo bure achukue hizo silinda zake mbili. Lakini mtu hataingiza spana humo. Alijaribu kulisema kwa mzaha, akaona mzaha umekataa. Lavender, aliyekuwa anafua nje, alikuja mlangoni na mikono ya povu akawaomba wanyamaze, Tata yumo ndani. Hawakunyamaza. Wana wa nyumba moja wakigombana kuhusu gari, kwa kawaida hawagombani kuhusu gari.

“Kiti, kiti,” Nyangau akasema. “Sasa ndiyo unakililia. Nani alikitoa?”

“Mimi.”

“Nani alikipeleka kwenye mizani akamchekesha nacho Momanyi?”

“Mimi, Nyangau. Endelea.”

“Mimi nilikuwa nimewasha. Unasikia? Nilikuwa nimewasha injini, mbili zilikuwa zimeingia, mguu uko kwenye klachi. Nani alisema nne?”

Povu lilikuwa likidondoka kutoka kwenye vidole vya Lavender. Mose aliona kwamba hatimaye lile neno alilolingoja limefika, ila limetoka kwa mtu asiyemtarajia, na aliona ajabu kwamba halikumpunguzia chochote.

“Mimi ndiye niliyesema,” akajibu. “Nimekuwa nikingoja mtu aniambie miezi minne. Tata ananiangalia kila Ijumaa na hasemi. Sema wewe basi, ulivyo mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwua mama kwa bolti mbili. Mimi ndiye—”

Hakumaliza, kwa sababu Lavender alikuwa amesogea kando ya mlango, na mzee Ogari alikuwa amesimama pale. Hakuna aliyejua amekuwapo tangu lini. Alikuwa na koti lake kuukuu la kiwandani, na mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, kama ulivyokuwa, sasa Mose alianza kukumbuka, kila Ijumaa ya miezi ile minne. Mzee aliutoa. Spana namba kumi na nne ilikuwa imeng'aa kwa kushikwa shikwa. Aliiweka juu ya boneti, taratibu, chuma kikalia juu ya bati.

“Ni mimi niliyesema nne, Tata,” Mose akasema. “Wewe mwenyewe ulinisikia.”

“Nilikusikia,” mzee akasema. “Na spana ilikuwa mkononi mwa nani?”